Tukio Moja, Wenyewe Wawili

Kaka yangu alikuwa anasimulia, na watu waliokuwa mezani walikuwa wameacha kula ili wamsikilize. Alikuwa bado mtoto, alisema, anarudi nyumbani peke yake jioni, mbwa mkubwa akatokea nyuma ya ua na kuanza kumfukuza. Alikimbia hadi ukutani, akauparamia, na kiatu chake cha kushoto kikamvuka na kubaki upande wa mbwa. Alikaa juu ya ukuta ule akilia mpaka mtu mzima alipopita na kumteremsha. Watoto waliomzunguka walicheka sana, wakamwuliza mbwa alikuwa na rangi gani, naye akawajibu bila kusita.

Mimi sikucheka, kwa sababu mbwa yule alinifukuza mimi.

Ukuta ule ninaukumbuka kwa viganja vyangu, jinsi ulivyokuwa na joto la jua la mchana kutwa na jinsi ulivyonichubua. Nilisubiri wageni waondoke, kisha nikamwambia, "Kaka, ile habari ya mbwa ni yangu." Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa, akasema, "Mdogo wangu, wewe nilikusimulia. Ulikuwa mdogo mno hata kuupanda ukuta ule." Tulikwenda kwa mama ili atuamue. Mama alifikiri kwa muda mrefu. "Kiatu nakikumbuka," alisema hatimaye. "Nilihangaika kukitafuta kesho yake. Lakini mguu uliokuwa umekivaa, wanangu, siukumbuki."

Hapakuwa na ugomvi, na kila mmoja alikwenda kulala na tukio lake. Lakini mimi halikuniacha. Mmoja wetu amebeba kwa miaka mingi jambo ambalo halikumpata, amelibeba kwa moyo mweupe, na hakuna kati yetu aliyesema uongo.

Alama niliyoitafuta

Kwa wiki kadhaa nilirudi kwenye ukuta ule kila nilipopata utulivu, si kwa lengo la kushinda ubishi, bali kwa kutafuta alama. Niliamini kwamba jambo lililonipata mwenyewe lazima liwe na kitu ndani yake ambacho jambo la kusimuliwa haliwezi kuwa nacho: harufu ya mahali, maumivu ya goti, hofu inayokaza koo. Vyote hivyo nilivikuta. Nilipomwuliza kaka, naye alikuwa navyo, pamoja na vingine ambavyo mimi sikuwa navyo.

Mwaka 1993 wanasaikolojia watatu, Marcia Johnson, Shahin Hashtroudi na Stephen Lindsay, walichapisha makala ndefu kuhusu namna tunavyotambua chanzo cha kumbukumbu zetu. Hoja yao kuu ni kwamba ubongo hauhifadhi kila jambo pamoja na chapa inayosema lilitoka wapi. Tunapokumbuka, tunakadiria chanzo kutokana na sifa za kumbukumbu yenyewe. Ikiwa na picha nyingi, sauti, mahali na hisia, tunaamua kwamba tuliyaona mambo hayo wenyewe, na ikiwa kavu, tunaamua kwamba tuliyasikia au tuliyawaza tu. Ukadiriaji huo hufanyika upesi, aghalabu bila sisi kujua, na mara nyingi huwa sahihi. Lakini mtoto akisikia masimulizi ya nduguye mara kwa mara, na kila mara akajichorea akilini mbwa, ukuta na kiatu, picha hizo alizozitengeneza mwenyewe zinaweza kuwa na utajiri uleule. Atakapozikuta miaka mingi baadaye, hazitakuwa na lolote la kumjulisha kwamba ni yeye aliyezichora.

Niliyaelewa hayo kwa akili kabla sijayakubali.

Kilichonisaidia kuyakubali ni utafiti wa mwaka 2001 wa Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin, walioonyesha kwamba mapacha hugombea kumbukumbu. Wakiulizwa kila mmoja kwa upande wake, hutokea wote wawili wadai kwamba ni wao walioanguka, walioshinda au walioumia siku fulani, wakati tukio lilikuwa la mtu mmoja. Jambo hilo lilionekana pia kwa ndugu wasio mapacha na kwa marafiki wa karibu. Kwa hiyo yaliyotupata mimi na kaka hayakuwa maajabu ya familia moja. Huenda yamo katika kila nyumba iliyolea watoto waliokaribiana umri, ila hayajulikani mpaka siku watu wawili wajikute wamekaa mahali pamoja na mmoja wao aanze kusimulia.

Aliyejipima mwenyewe

Nilianza kusoma nikitafuta habari za kukumbuka, nikajikuta muda mwingi katika habari za kusahau, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba mambo haya mawili hayatenganishiki.

Mtu wa kwanza kupima kusahau kwa namba alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, kila moja ikiwa na irabu katikati ya konsonanti mbili, ili asisaidiwe na maana wala mazoea. Alizipanga katika orodha, akazisoma kwa kasi isiyobadilika mpaka aweze kuzitamka zote bila kosa, kisha akaacha muda upite kabla ya kujifunza upya orodha ileile na kupima ni kiasi gani cha kazi ya awali kimeokolewa. Mtu wa kufanyiwa majaribio alikuwa yeye mwenyewe. Alipochapisha matokeo mwaka 1885, akiba hiyo ilikuwa karibu asilimia 58 baada ya dakika 20, asilimia 44 baada ya saa moja, asilimia 34 hivi baada ya siku moja, na asilimia 21 baada ya siku 31. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Jaap Murre na Joeri Dros, walilirudia jaribio hilo, na mkunjo walioupata, yaani mstari wa mchoro unaoonyesha akiba hiyo ikishuka kadiri muda unavyopita, ulifanana sana na ule wa awali.

Takwimu hizo hutajwa kila mahali kama uthibitisho kwamba binadamu husahau upesi, na ni kweli, sehemu kubwa ya hasara hutokea ndani ya saa ya kwanza. Lakini ninaona kwamba wanaozitaja hivyo huacha nusu ya habari. Baada ya hapo mkunjo karibu unalala. Kati ya siku ya kwanza na siku ya 31 hasara ni ndogo kuliko ile ya dakika 20 za mwanzo. Tena Ebbinghaus hakupima maneno aliyoweza kuyataja, bali wepesi wa kujifunza tena. Inawezekana kabisa mtu akae mbele ya orodha asiyoweza kutamka hata silabi yake moja, na bado aijifunze kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kuna kitu kimebaki ndani yake ambacho hawezi kukitaja.

Kuhusu sababu za kusahau, nitapita haraka, kwa kuwa nyingi kila mtu anazijua katika maisha yake. Mambo mengi hatuyasahau, maana hayakuingia tangu mwanzo: macho yaliyaona lakini akili ilikuwa mahali pengine. Mengine husukumwa na yanayofuata. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha kwamba mtu anayelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko yule anayekaa macho kwa saa zilezile, jambo linaloonyesha kwamba wakati peke yake si mkosaji, bali pia shughuli zinazoujaza. Na mengine yamo ndani lakini njia ya kuyafikia imepotea. Roger Brown na David McNeill walichunguza mwaka 1966 hali ile ya jina kuwa kwenye ncha ya ulimi, wakakuta kwamba mtu asiyeweza kulitaja neno mara nyingi huweza kusema linaanza na herufi gani na lina silabi ngapi. Analo neno hilo, na hawezi kulitoa.

Kuunda upya

Mimi, kama wengi, nilikuwa naifikiria kumbukumbu kama sanduku. Mambo huwekwa humo, baadhi huoza na baadhi hufunikwa na mengine, lakini lile unalofanikiwa kulitoa ni lilelile uliloliweka.

Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliona tofauti, na alichapisha hoja zake mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, yenye mizimu na vita na mpangilio wa matukio ambao wasomaji hao hawakuuzoea, kisha akawaomba waisimulie baada ya muda, na tena baada ya muda zaidi. Hadithi ilizidi kuwa fupi na nyepesi kueleweka. Mitumbwi iligeuka kuwa mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukawa uvuvi, na sehemu za ajabu zikaachwa au zikapewa sababu zinazoingia akilini mwa msimuliaji. Wasimuliaji hawakukusudia kubadilisha chochote. Walikuwa na mabaki ya hadithi na walikuwa na mazoea yao ya jinsi mambo yanavyokwenda, na kutokana na viwili hivyo waliunda hadithi kamili, wakaiona kuwa ndiyo waliyoisoma.

Bartlett alishughulika na maneno ya watu. Miaka karibu 70 baadaye swali lake lilishuka hadi kwenye seli.

Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuuambatanisha na mshtuko mdogo wa umeme. Ilijulikana tayari kwamba kumbukumbu mpya huhitaji protini mpya ili iimarike katika viungio vya seli za neva, na kwamba dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini ikitolewa mara baada ya mafunzo, kumbukumbu hiyo haidumu. Ilidhaniwa kwamba ikishaimarika imepona. Watafiti hao walisubiri kumbukumbu iimarike, wakawasikilizisha panya mlio ule ili waukumbuke, ndipo wakaingiza dawa hiyo katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu. Hofu ilipungua mno katika siku zilizofuata. Panya waliopewa dawa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa kama kawaida. Maana yake ni kwamba tendo lenyewe la kukumbuka lililegeza kitu kilichokuwa kimeshikamana, na kwa muda wa saa chache kilihitaji kuimarishwa upya, na katika muda huo kiliweza kubadilika.

Si kila kumbukumbu hulegea hivyo. Katika majaribio mengine yaliyofuata, zile za zamani sana au zilizojengeka kwa nguvu zilionekana kuwa ngumu kuzitikisa. Hata hivyo ukurasa huo ulinikalisha kimya kwa muda, kwa sababu ulipindua imani niliyokuwa nayo tangu siku ile ya mezani. Nilidhani kwamba kulirudia tukio la ukutani mara nyingi, kama nilivyofanya tangu utotoni, kumelilinda. Kumbe kila nilipolirudia nililifungulia mlango, na yaliyokuwapo akilini mwangu saa ile yaliweza kuingia.

Uhakika

Hapa ndipo wasiwasi wangu ulipotoka kwenye habari za ndugu wawili na kuwa jambo zito zaidi. Kama wingi wa picha na nguvu ya hisia si uthibitisho, basi uhakika nao ni nini?

Asubuhi ya tarehe 29 Januari 1986, siku moja baada ya chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kulipuka na kuua watu wote saba waliokuwamo, mwanasaikolojia Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory alihakikisha kwamba wanafunzi wanaandika jinsi walivyoipata habari ile: walikuwa wapi, pamoja na nani, wakifanya nini. Karatasi ziliwekwa. Miaka miwili na nusu hivi baadaye, yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena 44 kati yao. Walipewa alama kwa jinsi majibu mapya yalivyolingana na ya zamani, na kati ya alama 7 wastani ulikuwa chini ya 3. Robo yao hivi walikosea kila jambo kuu. Wengi wao walikuwa na uhakika mkubwa.

Lakini kinachoniuma katika habari hiyo si makosa. Ni yale yaliyotokea walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, zenye mwandiko wao wenyewe. Walishangaa, baadhi wakajaribu kueleza, na watafiti hawakuona hata mmoja ambaye kumbukumbu ya awali ilimrudia baada ya kuonyeshwa. Maandishi yalikuwa yao, na hayakuamsha kitu.

Na hao walikuwa wanafunzi, ambao hawakupoteza lolote kwa kukosea.

Mwaka 1984 katika jimbo la North Carolina, mwanafunzi wa chuo alivamiwa usiku chumbani mwake na kubakwa. Katikati ya unyama ule alifanya jambo la ujasiri mkubwa: aliukazia macho uso wa mtu yule kwa makusudi, ili akipona aweze kumtambua. Polisi walimwonyesha picha, akachagua moja baada ya kusita. Baadaye lilipangwa gwaride la utambulisho, naye akamchagua mtu yuleyule, Ronald Cotton, na akaambiwa kwamba huyo ndiye aliyemchagua kwenye picha. Mahakamani alisema bila shaka yoyote, na Cotton alifungwa. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mtu mwingine aliyeitwa Bobby Poole aliletwa mbele yake, akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba mhalifu alikuwa Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na sioni mahali ambapo mwanamke yule alipungukiwa na ukweli. Alitazama kwa makini, alitaka haki, alisema alichokiona akilini mwake. Uso aliouhifadhi usiku ule ulikuwa umebadilishwa taratibu na picha, kisha na gwaride, kisha na maneno ya kumtuliza, mpaka mtu aliyesimama mbele yake mahakamani akawa ndiye uso wenyewe, na uso halisi ulipoletwa haukuwa na mahali pa kukaa. Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield walithibitisha kwa majaribio jinsi hilo linavyotokea: shahidi aliyechagua mtu asiye sahihi akiambiwa tu kwamba amefanya vizuri, uhakika wake hupanda, na zaidi ya hapo huanza kukumbuka kwamba alikuwa na uhakika huo tangu mwanzo na kwamba alimwona mhalifu vizuri. Ndiyo maana watafiti hao na wenzao wamesisitiza kwamba gwaride lisimamiwe na mtu asiyejua mtuhumiwa ni yupi, na kwamba uhakika wa shahidi uandikwe palepale, kabla ya mtu yeyote kumwambia neno. Mambo hayo mawili hayana gharama kubwa, na pale yasipofanyika naona ni uzembe usio na udhuru, kwa kuwa yanayoharibika ni miaka ya uhai wa mtu.

Kwa nini tuwe hivi

Kwa siku kadhaa baada ya hapo niliiona kumbukumbu kama kiungo kilichoharibika. Nilitamani niwe miongoni mwa wale wachache wanaosemekana hawasahau.

Watu wa namna hiyo wapo. Mrusi Solomon Shereshevsky, aliyechunguzwa kwa miongo na mwanasaikolojia Alexander Luria, aliweza kurudia orodha ndefu za maneno na namba alizopewa miaka mingi kabla. Lakini nyuso zilimsumbua, kwa kuwa uso hubadilika kila dakika na yeye aliuona kila mara kuwa mwingine, na alihangaika kutafuta namna ya kusahau. Jill Price wa Marekani, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 2006 na Elizabeth Parker, Larry Cahill na James McGaugh, akitajiwa tarehe yoyote tangu alipokuwa msichana huweza kusema ilikuwa siku gani ya wiki na yeye alifanya nini. Ameeleza kwamba ni mzigo, kwani machungu ya zamani humjia yakiwa mabichi. Tena hata uwezo huo haumpi mtu kinga niliyokuwa naitamani: mwaka 2013 Lawrence Patihis na wenzake waliwapima watu wenye kumbukumbu ya aina hiyo kwa mitego ya kawaida ya kumbukumbu potofu, nao wakanaswa kama watu wengine.

Maelezo yaliyonituliza kwa kiasi yalitoka kwa Blake Richards na Paul Frankland, walioandika mwaka 2017 kwamba kazi ya kumbukumbu si kuhifadhi yaliyopita bali kumsaidia kiumbe kuamua vyema. Mnyama anayeshikilia kila kipengele cha kila siku hushindwa kuona kinachofanana kati ya siku na siku, na hubaki akifuata mambo yaliyokwisha kupitwa na wakati. Ubongo una njia mahususi za kusahau: viungio kati ya seli hudhoofishwa, na seli mpya zinazozaliwa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu za matukio, huvuruga mitandao iliyokuwapo, jambo ambalo Frankland na Sheena Josselyn wanaliona kuwa sehemu ya sababu ya binadamu kutokumbuka miaka yake ya kwanza, wakati seli hizo zinapozaliwa kwa wingi. Kusahau huko ni kazi inayofanywa, na inagharimu nguvu.

Ninayakubali maelezo hayo, lakini hayafuti uchungu wote. Kinachomfaa mnyama katika kuamua si lazima kimfae mtu anayetaka kuushika uso wa marehemu wake kama ulivyokuwa.

Kilichobaki kwa Henry Molaison

Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ili kumpunguzia kifafa kikali, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili za ubongo. Kifafa kilipungua. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alifanya naye kazi kwa miaka mingi, na kila alipoingia ilimlazimu kujitambulisha upya.

Milner alimpa kazi ya kuchora kwa kufuata umbo la nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya kila anayeijaribu mara ya kwanza. Molaison aliirudia kwa siku tatu. Kila siku alisema hajawahi kuifanya, na kila siku mkono wake ulikuwa stadi zaidi. Hapo iliwabidi wataalamu wakubali kwamba kumbukumbu si kitu kimoja, na kwamba ile ya matukio na ile ya ustadi hukaa mahali tofauti.

Mimi nilisoma habari hiyo nikiwa na swali jingine. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba, kama matukio ya maisha yangu si ya kutegemewa, basi hata mimi mwenyewe nimejengwa juu ya mchanga. Waliomjua Molaison wanamweleza kuwa mtu mpole, mwenye adabu, mwepesi wa kutania, aliyependa chemshabongo za maneno, na aliyefurahi pale utafiti wake ulipowafaa wengine. Hayo yote alibaki nayo bila kuwa na jana. Sijui kama hilo linajibu swali langu lote, lakini liliniondolea hofu.

Kilichofichika na kilichofutika

Swali la mwisho lililonishika ni hili: tulilolisahau, je, limefutika au limefichika?

Katika maabara ya Susumu Tonegawa huko Marekani yamefanyika majaribio mawili yanayoligusa. La kwanza, la mwaka 2013, liliongozwa na Steve Ramirez na Xu Liu. Waliweka alama, yenye kuzifanya ziitikie mwanga, kwenye seli za hipokampasi za panya zilizofanya kazi alipokuwa katika kisanduku ambamo hakukutwa na baya lolote. Kesho yake, panya akiwa katika kisanduku kingine, waliziamsha seli hizo kwa mwanga huku akipigwa mshtuko. Aliporudishwa kisanduku cha kwanza aliganda kwa hofu. Alikuwa anaogopa mahali ambapo hakuna kilichomdhuru, na seli alizozitumia kuogopa zilikuwa za kweli. Niliposoma hayo nilifahamu kwa nini sikuipata ile alama niliyoitafuta.

La pili, la mwaka 2015, liliongozwa na Tomás Ryan. Panya walifundishwa hofu, kisha wakapewa ile dawa ya kuzuia protini, na walipojaribiwa walionekana wamesahau. Seli zilizohusika zilipoamshwa moja kwa moja kwa mwanga, hofu ilirudi. Kumbukumbu ilikuwapo. Vichocheo vya kawaida ndivyo vilivyoshindwa kuifikia.

Binadamu hatuamshwi kwa mwanga namna hiyo. Tunachopewa ni vichocheo vya kawaida: mahali, harufu, wimbo, au swali la mtu mwingine, na swali ndilo la hatari kuliko vyote, kwa kuwa linaweza kuamsha kilichofichika na pia kupenyeza ambacho hakikuwapo, mara nyingine kwa sentensi ileile. Ronald Fisher na Edward Geiselman, walioanza katika miaka ya 1980 kubuni namna bora ya kuwahoji mashahidi, walizingatia hatari hiyo. Shahidi huombwa kwanza ajirudishe kwa fikra mahali na katika hali ya tukio, aeleze kila kitu kwa mpangilio wake mwenyewe bila kukatizwa, na anayehoji ajizuie kutaja jambo ambalo shahidi hajalitaja.

Nimeanza kufanya hivyo kwa wazee wa ukoo wetu, ambao wengi sasa ni wa umri mkubwa. Ninawaendea mmoja mmoja, ninaanza na swali lisilo na jina la mtu wala la mahali, ninanyamaza mpaka wamalize wenyewe, na ninayaandika waliyoyasema kabla sijamwuliza anayefuata. Masimulizi hayalingani. Ninayaacha hivyohivyo, kila moja kwenye ukurasa wake, na jina la msimulizi juu.